Rogulaiti, au Mchezo wa Mirathi

Mnamo mwaka 1980 au karibu yake, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, Michael Toy na Glenn Wichman, walitunga mchezo wa kompyuta walioupa jina la Rogue, ambamo mchezaji, akiwakilishwa na alama moja tu ya @, aliteremka shimoni tabaka kwa tabaka kuitafuta hirizi ya Yendor. Na kila alipoanza safari mpya alizikuta njia na vyumba vimepangwa vinginevyo, na kila alipouawa aliyapoteza yote aliyoyachuma, asipate idhini ya kurejea hata hatua moja nyuma. Michezo iliyofuata tarika hiyo iliitwa rogulaiki, na mwaka 2008 baadhi ya mafundi wake walikutana Berlin wakaiwekea masharti, mauti yasiyo na marejeo yakiwa miongoni mwake. Kisha ikazuka jamii nyingine, iliyoyahifadhi mauti hayo pamoja na mpangilio wa kubahatisha, ila ikamruhusu marehemu aache kitu nyuma yake. Nayo ndiyo rogulaiti.

Tukilitohoa jina hili na kuliacha hivyo, sikio la Mswahili litasikia mwishoni "laiti", neno la majuto, ilhali asili yake ni kiambishi cha Kiingereza, -lite, chenye maana ya uhafifu. Na tukilifasiri kipande kwa kipande tutapata "ayari hafifu", ibara isiyomfaa mtu, maana Rogue hapa ni jina la mchezo wala si sifa ya mhusika. Kwa hiyo napendekeza "mchezo wa mirathi".

Mirathi, kwa wanaoijua sheria yake, si kila alichopata kumiliki mtu, bali ni kile kinachobaki baada ya gharama za maziko na madeni kulipwa, na hali ya michezo hii ni hiyo hasa. Katika Rogue Legacy, mchezo wa mwaka 2013 uliosaidia sana kulieneza jina lenyewe, shujaa akifa mchezaji huchagua mmoja kati ya warithi watatu, naye hupokea dhahabu ya mzazi wake.

Walakini mfano ulio timilifu zaidi, kwa rai yangu, ni Dead Cells, uliotungwa na Motion Twin, shirika la ushirika la mjini Bordeaux, Ufaransa, ukatolewa kamili mwezi Agosti 2018. Kiwiliwili kisicho na kichwa huamka gerezani, kikaruka jukwaa hadi jukwaa na kupigana kwa upanga, upinde na ngao, huku maadui wanaoangamia wakidondosha seli. Seli hizo hazina faida mpaka zikabidhiwe kwa Mkusanyaji, anayengoja katika mapito yaliyo baina ya hatua na hatua. Afaye kabla ya kumfikia huzipoteza zote, na aliyewahi kumkabidhi huwa amewafungulia wanaomfuata silaha na maarifa mapya. Juu ya hayo zipo talasimu, zisizopotea abadan: moja huotesha mitambaazi ya kupandia, nyingine huvunja sakafu dhaifu, nyingine humwezesha mtu kukwea kuta kama buibui, na kila moja hufungua njia ya kwendea nchi ambazo marehemu wa kwanza hakuzijua. Vyumba vimesanifiwa kwa mkono wa binadamu, kompyuta ikipanga upya mfuatano wake kila safari, na hapo ndipo uvumbuzi na bahati vinapooana.

Yuko atakayesema kwamba mchezo huu ni mgumu mno, na kwamba talasimu peke yake hazimfikishi mtu kwa Mkono wa Mfalme, adui wa mwisho. Ni kweli, sehemu iliyo kubwa ya mirathi hii haihifadhiwi na mashine, bali hukaa katika vidole vya mchezaji aliyejifunza, kwa mauti mengi, wakati gani aruke na wakati gani akwepe. Hoja hiyo hailiangushi jina, bali yalipa uzito.

Nawaomba basi wafasiri na watunzi wa kamusi waiache rogulaiki kwa michezo inayomzika marehemu na kila chake, na hii iliyosalia waiite michezo ya mirathi.