Ukomo wa Vita Kisheria: Sheria ya Wageni Maadui ya Marekani na Shauri la Ludecke la Mwaka 1948

Sheria ya Wageni Maadui ilitiwa saini na Rais John Adams tarehe 6 Julai 1798, wakati Marekani ikitazamia vita na Ufaransa. Kati ya sheria nne zilizopitishwa mwaka huo kuhusu wageni na uchochezi, ni hii pekee iliyodumu hadi leo. Inampa rais mamlaka ya kuwakamata, kuwazuia na kuwaondoa nchini raia wa taifa adui waliotimiza umri wa miaka 14 na ambao hawajapata uraia wa Marekani. Mamlaka hayo huanza vita vinapotangazwa, au uvamizi unapofanywa, unapojaribiwa au kutishiwa. Awali iliwahusu wanaume tu. Wanawake waliongezwa mwaka 1918. Sehemu hii inachunguza swali moja ambalo sheria yenyewe haikulijibu: ni nani mwenye kauli ya mwisho kwamba vita vimekwisha?

Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu kupitia Kurt Ludecke, Mjerumani aliyewahi kuwa mfuasi wa chama cha Nazi kabla ya kukosana na viongozi wake. Alikamatwa tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya shambulio la Pearl Harbor, akawekwa kizuizini. Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945. Julai mwaka huo Rais Harry Truman alitoa tangazo lililoruhusu kuondolewa kwa wageni maadui walioonekana kuwa hatari, na Januari 1946 Mwanasheria Mkuu akaamuru Ludecke aondolewe nchini. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mapigano yamekwisha, hivyo mamlaka ya wakati wa vita nayo yamekwisha.

Tarehe 21 Juni 1948, majaji watano dhidi ya wanne waliikataa hoja hiyo. Jaji Felix Frankfurter, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alieleza kuwa kutamka mwisho wa vita ni jukumu la rais na Bunge, wala si la mahakama. Mahakama ilijibakizia mambo machache ya kuchunguza, yakiwamo iwapo mhusika kweli ni raia wa nchi adui. Jaji Hugo Black alipinga, akiona kwamba Ujerumani iliyoshindwa haingeweza tena kuifanya Marekani iogope wageni hao. Hata hivyo, hali ya vita na Ujerumani haikukomeshwa rasmi hadi Oktoba 1951, zaidi ya miaka sita baada ya silaha kunyamaza.

Athari za tafsiri hii huonekana wazi kwa watu wenye asili ya Japani waliochukuliwa kutoka Amerika ya Kilatini. Zaidi ya 2,000 kati yao, wengi kutoka Peru, walisafirishwa hadi Marekani wakati wa vita na kuzuiliwa katika kambi kama ile ya Crystal City, Texas. Septemba 1945, baada ya Japani kusalimu amri, Truman alitoa tangazo jingine la kuwaondoa wageni maadui walioletwa kutoka nchi hizo. Peru ilikataa kuwapokea wengi wao. Kwa familia hizo, amani ndiyo iliyoleta amri ya kuondoka.

Inabainika, basi, kwamba shauri la Ludecke liliutenga muda wa vita wa kisheria na muda wa mapigano. Machi 2025 sheria hiyo hiyo ilitumiwa dhidi ya raia wa Venezuela waliodaiwa kuwa wa genge la Tren de Aragua, ingawa hakuna vita vilivyotangazwa. Safari hii mzozo ukawa juu ya mwanzo wa mamlaka hayo. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ilielekeza kwamba wahusika wapewe taarifa mapema na nafasi ya kupinga mahakamani. Kinga hiyo ina uzito, lakini haimsaidii mgeni pale ambapo jaji hana ruhusa ya kuuliza kama vita vipo.