Kilio cha Binti Yeftha: Nafasi ya Msimulizi katika Oratorio

Utanzu wa oratorio ulipata jina lake kutokana na ukumbi wa sala wa wafuasi wa Padri Filippo Neri mjini Roma, ambao jumuiya yao iliidhinishwa na Papa Gregori XIII mnamo 1575. Kufikia katikati ya karne ya 17, utanzu huo ulikuwa umekomaa kuwa tamthilia ya kuimbwa isiyo na maleba wala matendo ya jukwaani. Pengo hilo lilizibwa na msimulizi.

Katika Jephte ya Giacomo Carissimi, iliyotungwa kabla ya 1650, usimulizi haukabidhiwi mwimbaji mmoja, bali hupokezanwa baina ya waimbaji kadhaa na kwaya. Kisa chenyewe kimo katika Waamuzi 11: Yeftha aweka nadhiri, na bintiye wa pekee ndiye anayeilipa. Maandiko husema kwamba binti alikwenda milimani kuulilia ubikira wake, lakini hayatoi maneno ya kilio hicho. Matini ya Kilatini ya oratorio ndiyo inayompa maneno, mwangwi ukimwitikia, kisha kwaya ya sauti sita ikahitimisha kwa maombolezo. Msimulizi harudi kutoa hukumu.

Mnamo 1752, Handel aliwasilisha Jephtha mjini London. Mwandishi wa matini yake, Thomas Morell, alimwondoa msimulizi na kumleta malaika anayezuia kafara. Hapo binti apata jina, Iphis, na uhai pia. Lakini nadhiri ya baba nayo yapata udhuru ambao kilio cha Carissimi kiliunyima.