Watoto Elfu Moja wa New York

Shikeni kalamu na daftari, maana historia ya leo ina hesabu ndani yake.

Zamani katika mji wa New York, huko Marekani, watoto wengi walikatwa tezi za kooni, zile zivimbazo mtu augulapo mafindofindo. Daktari alitazama koo, akaamua. Mwaka 1934 chama kiitwacho American Child Health Association kilitoa habari za uchunguzi wake. Watoto 1,000 wa shule, wa miaka 11, walitazamwa. Watoto 611 walikuwa wamekwisha katwa. Wakabaki 389. Andikeni.

Hao 389 wakapelekwa kwa madaktari, nao wakasema 174 wakatwe. Waliobaki, 215, ambao makoo yao yalionekana hayana ubaya, wakapelekwa kwa madaktari wengine. Hawa wakasema 99 wakatwe! Wakabaki 116. Madaktari wa tatu wakachagua 51. Wakabaki watoto 65 tu, na madaktari wa kuwatazama wakawa wamekwisha.

Tazameni hesabu zenu. Kila mara walichaguliwa karibu nusu. Kama madaktari wa kwanza wangalikuwa wamewatoa wagonjwa wote, wa pili wangaliona wachache mno. Na kisu si mchezo. Wako watoto waliokufa kwa ajili ya kukatwa huko.

Lakini uchunguzi wenyewe ulikuwa na upungufu. Madaktari wa pili hawakuwaona watoto wote walioonwa na wa kwanza, basi hatuwezi kujua walipatana kwa nani na walihitilafiana kwa nani. Ni afadhali kila daktari awatazame watoto wale wale, peke yake, bila kusikia neno la mwenzake. Tena watoto wengine warudishwe siku nyingine, tuone kama daktari atapatana na nafsi yake mwenyewe.

Hata hapo, angalieni. Watu wawili wakirusha shilingi bila kutazama koo lolote, watapatana kama mara 50 katika 100. Mwaka 1960 Jacob Cohen, Mmarekani, alieleza hesabu ya kuondoa mapatano ya bahati namna hiyo.

Kazi ya nyumbani: twaeni mahindi 20, myape namba. Mwiteni jirani achague yafaayo kwa mbegu. Akiisha kwenda zake, mwiteni wa pili. Andikeni majibu yao katika safu mbili, mje nayo darasani.