Shabaha ya Bastola za Fataki

Katika karne ya 19, kabla ya kuenea risasi zenye maganda ya shaba, bastola ya fataki, yaani vifuniko vidogo vya kuwashia baruti, iliyosifika mno Marekani ilikuwa ile ya Samuel Colt, aliyepata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1836. Nayo, pamoja na umaarufu wake wote, haikulenga sawasawa ila mikononi mwa mtu aliyeijua tabia yake.

Kila tundu la silinda lilitiwa baruti nyeusi, kisha tufe la risasi, lililozidi tundu kidogo kwa upana, likashindiliwa kwa wenzo hata ukingo wake ukanyolewa mfano wa pete. Na pete hiyo ndiyo iliyokuwa dalili kwamba tufe limebana barabara. Wajuzi walipunguza baruti, kwani kipimo kikubwa huzidisha kishindo na teke pasipo kuzidisha usahihi. Wakapaka shahamu mdomoni mwa kila tundu, ili masizi yalainike, yasikwamishe silinda wala kuziba mifuo ya mtutu.

Lakini ila kubwa ilikuwa katika umbo lenyewe: bastola ya Colt ya 1851 ilikuwa na alama ya nyuma ya kulengea juu ya nyundo, kitu kisichotulia, na mtutu wake ulishikwa kwa kabari. Kiwanda cha Remington kiliizungushia silinda ya bastola zake fremu nzima ya chuma, kikachonga mfuo wa kulengea juu yake. Na mwaka 1873 kiwanda cha Colt nacho, kikiwa kimekwisha kuhamia maganda ya shaba, kilifuata utaratibu huo huo.