Ugomvi wa Jipu, Kutoka Aberdeen Hadi Kiembeni

Joto likishika Kiembeni, Mombasa, watoto huanza kutoka majipu: makwapani, kisogoni, mapajani. Utasikia ni maembe yamezidi. Maembe hayana kosa. Jasho na mikwaruzo hufungua njia, na anayetunga usaha mara nyingi ni bakteria wa stafilokoka, aliyetambulishwa kwa madaktari mjini Berlin tarehe 9 Aprili 1880.

Aliyemtambulisha ni Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Uskoti. Aliutazama usaha wa jipu kwa hadubini, akaona vijidudu vimeshikana kama kichala cha zabibu. Maabara yake ilikuwa kibanda cha uani kwake. Alivikuza vijidudu ndani ya mayai ya kuku, akawadunga panya, nao wakatunga majipu. Katika majipu baridi, yale ya kukaa muda mrefu bila homa, hakuviona.

Berlin walimsikiliza, kwao walimbishia. Watson Cheyne, mtu wa karibu wa daktari wa upasuaji Joseph Lister, alikataa kwamba vijidudu hivyo ndivyo chanzo cha usaha, na jarida la madaktari wa Uingereza likaonyesha shaka. Inauma, maana Ogston alikuwa mfuasi wa Lister, na ugunduzi wake ulithibitisha kwamba Lister alifanya vyema kupiga vita viini katika upasuaji. Makala ya 1882 iliyompa bakteria huyo jina ilitoka katika jarida la anatomia, si katika hilo la madaktari.

Mwaka 1928 mtafiti Alexander Fleming aliona ukungu ukimwua stafilokoka, ndipo penisilini ikapatikana. Usugu wa bakteria kwa dawa hiyo ulifuata upesi. Methisilini, dawa ya kuwaua waliozoea penisilini, ilikuja 1959. Kufikia 1961 stafilokoka sugu kwa dawa hiyo nayo walishaonekana Uingereza. Kenya nayo ilitoa mpango wa kitaifa dhidi ya usugu wa dawa mwaka 2017.

Takriban watu watatu kati ya kumi wana bakteria huyu puani bila kuugua. Huhamia kwa mikono, taulo na wembe. Lakini kumhubiria usafi mama anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20, mfereji ukiwa mkavu, ni kumwonea. Na amoksilini ya vidonge vinne kutoka kwa kemisti haimfai mwanawe: stafilokoka wengi huivunja dawa hiyo kwa kimeng'enya chao.

Jipu dogo lisikamuliwe. Likandwe kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu. Likikua, daktari alipasue. Homa ikipanda, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani stafilokoka akiingia damuni anaweza kufika hadi mfupani na moyoni.