Gombesa na Sumu Iliyomfuata Kilindini

Aprili 2001, trola iliyokuwa ikikokota nyavu nje ya Malindi ilipandisha samaki wa kilo 77, mwenye magamba magumu na mapezi manene mithili ya miguu mifupi. Alikuwa silakanti, wa kwanza kuandikwa kuwa amevuliwa Kenya. Hadi 1938, mmoja alipopatikana Afrika Kusini, wataalamu waliamini ukoo wake ulitoweka zamani za dinosau.

Wavuvi wa Komoro humwita gombesa. Walikuwa wakimnasa kwa mshipi wala hawakumpenda sana, kwani nyama yake imejaa mafuta.

Mafuta hayo ndiyo yenye habari. Mwaka 1991 watafiti wa Virginia, Marekani, walichapisha vipimo vya gombesa wa Komoro: mwilini mlikuwa na DDT, dawa ya wadudu, na PCB, kemikali iliyotiwa kwenye transfoma. Huyu ni samaki anayeshinda mapangoni, mita 150 au zaidi chini ya maji. Shamba atalionea wapi?

DDT haikubali maji, hung'ang'ania mafuta. Vijidudu vya baharini huimeza, dagaa huwala hao, samaki wakubwa huwala dagaa, na kila mlaji hurithi akiba ya aliyeliwa. Gombesa hula samaki na ngisi, na makadirio ya 2021 yanampa umri wa karibu miaka 100. Muda wa kujilimbikizia anao.

Kule Aktiki mambo yameonekana wazi zaidi. Dubu weupe wa Svalbard, walao sili, wamekutwa homoni za tezi ya shingo zimevurugika na kinga ya mwili imepungua, ilhali sumu nyingi ililetwa kwao na upepo na mikondo ya bahari kutoka mbali. Ushahidi wa Aktiki ulisaidia kuzaa Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu, uliopitishwa Mei 2001, mwezi mmoja tu baada ya samaki wa Malindi.

Mkataba uliiachia DDT upenyo kwa sababu ya mbu wa malaria. Kilifi ilikuwa imeshaonyesha njia nyingine: katika jaribio la miaka ya 1990, vyandarua vilivyotiwa permethrini, dawa nyingine ya wadudu, vilipunguza vifo vya watoto kwa theluthi moja hivi. Mashambani, Kenya iliikataza DDT tangu 1986. Lakini masalia yake hukaa udongoni miaka mingi, na Mto Sabaki, ambao huko juu karibu na Nairobi huitwa Athi, bado huteremsha udongo wa bara kila masika, hata bahari ya Malindi ikawa na rangi ya chai ya maziwa.