Tiketi za Fedha

Katika lugha yetu neno "fedha" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni madini meupe yang'aayo, ambayo masonara hufulia pete na bangili. Maana ya pili ni mali ya kununulia na kuuzia. Katika habari nitakayokusimulia, msomaji, maana hizi mbili zinakutana katika kitu kimoja kidogo, kienezacho katika kiganja cha mkono. Kitu hicho ni tiketi ya kuingilia jumba la michezo ya kuigiza, tiketi iliyofuliwa kwa fedha na kununuliwa kwa fedha. Ilitolewa katika mji wa Bristol, Uingereza, zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Jumba lenyewe lingaliko, na watu wangali wakiigiza ndani yake hata leo. Basi na tuulize limewezaje kudumu muda mrefu hivyo, maana wengi wetu hudhani kwamba nyumba ya mawe ikiisha kujengwa hujilinda yenyewe.

Bristol ni mji wa bandari, magharibi mwa Uingereza, penye mto Avon. Katika karne ya kumi na nane ulikuwa miongoni mwa miji tajiri ya nchi ile, na wakubwa wake walitamani kuwa na jumba la michezo lisilopungukiwa na kitu mbele ya yale ya London. Serikali haikuwajengea, wala mfalme hakuwapa hata senti. Wenyewe walikubaliana kuchanga. Watu hamsini walitoa pauni 50 kila mmoja, na kila mmoja akapewa tiketi ya fedha iliyompa haki ya kutazama kila mchezo utakaochezwa katika jumba hilo. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka wa 1764 katika barabara iitwayo King Street. Ramani ilichorwa na James Saunders, seremala wa jumba mashuhuri la Drury Lane, London, na jumba likafunguliwa tarehe 30 Mei 1766.

Lakini jumba hilo lilianza maisha yake kwa hila. Sheria ya mwaka wa 1737 ilikataza michezo ya kuigiza isichezwe kwa malipo mahali pasipokuwa na idhini ya mfalme, na Bristol haikuwa na idhini hiyo. Basi wenye jumba wakatangaza kwamba watu wanaalikwa kusikiliza muziki. Muziki ulipigwa, ukakoma. Mchezo ukaigizwa kana kwamba ni nyongeza ya bure. Kisha muziki ukarudi. Kila mtu alijua yanayotendeka, na kila mtu alinyamaza. Idhini ya mfalme ilipatikana mwaka wa 1778, yaani miaka kumi na miwili baadaye, na tangu hapo jumba likaitwa Theatre Royal.

Hapa, msomaji, inatupasa kusimama kidogo tuulize swali ambalo halipendwi sana penye michango: fedha hizo zilitoka wapi? Tangu mwaka wa 1698 mpaka mwaka wa 1807, Waingereza walipopiga marufuku biashara ya watumwa, merikebu za Bristol zilikwenda pwani ya Afrika Magharibi, zikapakia watu, na kuwavusha bahari kwenda kuuzwa visiwa vya Karibi na Marekani. Idadi yao yakadiriwa kufikia nusu milioni. Sukari na tumbaku zilizolimwa kwa jasho la watu hao zilirudi Bristol, zikawa nyumba nzuri, makanisa, shule na majumba ya starehe. Miongoni mwa wafanyabiashara waliochangia Theatre Royal walikuwamo waliotajirika kwa njia hiyo. Wakazi wa Bristol wenyewe siku hizi hawalifichi jambo hili. Mwaka wa 2020 umati wa watu uliiangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa aliyesifiwa kwa karne nyingi kwa sadaka zake, wakaitupa majini bandarini. Mwaka huohuo ukumbi mkubwa wa muziki wa mji huo, uliokuwa ukiitwa kwa jina lake, ulipewa jina jipya. Ukumbi haukubomolewa, ila jina la mtoaji lilifutwa. Mchango, kwa hiyo, hausahauliki upesi. Hubaki katika kuta pamoja na habari zake, njema na mbaya.

Na turudi kwenye jumba letu la King Street. Mafundi wake walikuwa hodari wa kubuni. Juu ya dari walitengeneza mfereji wa mbao ulioteremka kidogo kidogo, na mchezo ulipohitaji tufani, mipira ya chuma ya mizinga ilivingirishwa ndani yake, watazamaji wakasikia radi ikipita juu ya vichwa vyao. Mfereji huo umehifadhiwa hata leo. Walakini jumba lenye radi yake lenyewe halikuweza kuzuia mabadiliko ya dunia. Mwaka wa 1867 jumba jipya, kubwa na la fahari, lilifunguliwa katika sehemu nyingine ya mji, na matajiri wakahamia huko. Theatre Royal likawa mahali pa michezo ya rahisi na watazamaji wa senti chache. Rangi ikachujuka, mbao zikazeeka. Wajukuu wa wale wenye tiketi za fedha hawakuonekana tena.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Usiku wa tarehe 24 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliangusha mabomu katikati ya Bristol, na sehemu kubwa ya mji wa kale ikateketea. Lile jumba jipya la fahari liliunguka usiku huo, lisijengwe tena kamwe. Jumba kuukuu likasalimika. Lakini lililosalimika na moto halikusalimika na mnada, kwa kuwa mwaka wa 1942 wenye mali walilitia sokoni. Watu wakahofia kwamba atakayelinunua atalifanya ghala, na kwamba michezo haitachezwa tena mahali pale.

Tafakari hali ya wakazi wa mji huo mwaka ule. Chakula kiligawanywa kwa kipimo. Vijana walikuwa vitani. Familia nyingi hazikuwa na paa juu ya vichwa vyao. Lau wangalisema kwamba huu si wakati wa kuchangia michezo, nani angaliwalaumu? Hata hivyo wito wa mchango ulitolewa hadharani, na watu wakauitikia. Hawakupewa tiketi ya fedha. Hawakuahidiwa kutazama mchezo wowote bure. Kwa mchango huo jumba likanunuliwa na kuwekwa mikononi mwa wadhamini, ili lilindwe kwa manufaa ya umma. Baraza lililoundwa na serikali ili kuendeleza muziki na sanaa wakati wa vita likalikodi kwa wadhamini hao. Tarehe 11 Mei 1943, vita vikiwa bado vinapiganwa, pazia likafunguliwa tena kwa mchezo wa kuchekesha wa Oliver Goldsmith.

Naona, msomaji, kwamba hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Wale hamsini wa kwanza walinunua haki ya kutazama. Hawa wa pili walinunua haki ya watu wengine kutazama, wakiwamo watoto ambao bado hawajazaliwa. Mchango wa kwanza ulijenga jumba la wenye hisa; mchango wa pili ulilifanya jumba la mji.

Matunda yake hayakukawia. Mwaka wa 1946 kundi la waigizaji liitwalo Bristol Old Vic liliundwa humo, na chuo cha kufundishia waigizaji kikaanzishwa mwaka huohuo. Mwaka wa 1954 kundi hilo lilicheza mchezo wa nyimbo uitwao Salad Days, uliotungwa na Julian Slade na Dorothy Reynolds. Ulipendwa mno hata ukahamishiwa London, ukachezwa huko zaidi ya mara elfu mbili. Sehemu ya faida yake ilisaidia kukinunulia chuo nyumba ya kudumu. Tazama jinsi sarafu za wakati wa vita zilivyozaa mchezo, na mchezo ukazaa shule.

Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa mteremko. Jumba la kale ni kama mgonjwa mzee: akiponywa goti, hulalamika mgongo. Kati ya mwaka wa 1970 na 1972 jukwaa lilijengwa upya, na nyumba ya jirani, iliyojengwa na chama cha mafundi wa mapipa katika karne ya kumi na nane, ikaunganishwa nalo iwe mlango wa mbele. Mwaka wa 2007 jumba lilifungwa ili litengenezwe, hali fedha za kazi hiyo hazijatimia. Milango ikafungwa, na watu wakaanza kuulizana kama itafunguliwa tena. Ilibidi wadhamini waanze upya kukusanya fedha: kutoka serikalini, kutoka katika mfuko wa bahati nasibu ya taifa ambao hutenga sehemu ya mapato yake kwa ajili ya majengo ya kale, kutoka kwa mashirika ya hisani, na kutoka kwa watazamaji wa kawaida. Ukumbi wa ndani ulifunguliwa tena mwaka wa 2012, na sehemu ya mbele ikakamilika mwaka wa 2018. Kazi hizo mbili ziligharimu zaidi ya pauni milioni 20. Leo mpita njia wa King Street aweza kuuona ukuta wa mwaka wa 1766 akiwa barabarani, ilhali hapo zamani jumba lilikuwa limejificha nyuma ya nyumba nyingine kama mtu mwenye haya.

Pengine utasema kwamba haya ni mambo ya Ulaya. La, sisi pia tunayajua. Mwaka wa 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijenga kwa mikono yao jukwaa na viti vya watazamaji wapatao elfu mbili, chini ya mbingu wazi, wakaigiza mchezo wa Ngaahika Ndeenda, uliotungwa kwa Kigikuyu na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani walikuwa ndio mafundi, ndio waigizaji, na ndio watazamaji. Hapo Kamiriithu, kama ilivyokuwa Bristol mwaka wa 1766, palizuka suala la idhini ya wenye mamlaka. Lakini huku hila ya muziki haikuwapo ya kuwaokoa. Kabla mwaka haujaisha idhini iliondolewa, na mwezi wa Machi 1982 askari wakalibomoa jukwaa lile mpaka chini. Mchezo wenyewe haukufa. Mwaka wa 2022 uliigizwa Nairobi, katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza. Lakini wana Kamiriithu walipoteza mahali pao, na mahali pa watu, pakiisha kupotea, hapapatikani upesi kama maneno ya mchezo.

Basi, kijana usomaye, ipo siku karatasi ya mchango itafika mikononi mwako. Huenda ikawa ya kutengeneza ukumbi wa shule ambao mabati yake yanavuja, au jumba la kijiji ambamo babu zako walicheza ngoma zao, au jukwaa la mji ambalo limegeuka kuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Kabla hujaandika jina lako, yakumbuke maswali matatu ambayo jumba la Bristol linatufundisha kuyauliza. Kwanza, fedha nyingine zinatoka kwa nani, na mtoaji anataka nini badala yake? Pili, je, hesabu ya kazi imepigwa sawasawa, au milango itafungwa kabla mfuko haujajaa? Tatu, kazi ikiisha, jumba litakuwa mikononi mwa nani, na je, kesho mtu mmoja aweza kuliuza?

Ukipata majibu ya kuridhisha, toa ulicho nacho, hata kama ni kidogo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nao walijua kwamba kibaba kikijaa huliwa, nacho hujazwa tena. Wale hamsini walikijaza mwaka wa 1766. Watu wa vitani wakakijaza mwaka wa 1942. Wa zama zetu wakakijaza tena mwaka wa 2018. Tiketi ya fedha ilimwingiza mtu mmoja. Sarafu ya mchangaji asiyetajwa jina imewaingiza maelfu, nao wameketi gizani, bega kwa bega, wakingoja pazia lifunguliwe.